Msiuze Njia

Leo sina mgeni hapa studioni, wala sikuja na habari za mkutano wa wakubwa. Nimekuja na jambo linalohusu miguu yetu: njia. Sisemi barabara kuu, maana hiyo kila mtu anaisemea. Nasema vile vijia vinavyopita kati ya lupango na lupango, yaani kati ya kiwanja na kiwanja, vinavyompeleka mtoto shuleni na mama kwenye maji, na ambavyo kila mwaka vinazidi kubanwa.

Mji huu wa Kamina huamshwa na baiskeli. Jua halijachomoza, utasikia kwanza mnyororo mkavu ukilia, kisha pumzi za mtu, ndipo umwone mwenyewe akitokea kwenye ukungu. Hapandi. Anasukuma. Magunia matatu ya makala, yaani mkaa, yamelazwa juu ya baiskeli moja, midomo yake imezibwa kwa majani na kufungwa kwa kamba ya magome. Uma wa mbele umeongezewa chuma cha kuchomelea ili usipinde. Kwenye usukani amefunga kijiti kirefu kwa mpira wa ndani wa gurudumu, aongoze akiwa pembeni. Nyuma ya kiti kuna kijiti kingine, hicho ndicho cha kusukumia. Chupa ya maji inaning'inia. Akifika kwenye mteremko anajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote na kuburuta kisigino, kwa sababu breki za baiskeli ile zilikwisha zamani.

Sasa mwangalie mtu huyo anapoingia mtaani. Njia ya porini aliyotoka ilikuwa nyembamba, lakini pembeni kulikuwa na majani tu. Wakikutana wawili, mmoja alisogea nyasini na mwingine akapita. Hapa mjini pembeni kuna ukuta upande huu na ukuta upande ule. Anakutana na mwenzake anayerudi kijijini na gunia la unga, chumvi na sabuni. Hawawezi kupishana. Lazima mmoja alaze mzigo chini, na mzigo wa magunia matatu ukishalala, mtu mmoja hawezi kuuinua. Wanasubiri apite mwanamume wa tatu awasaidie. Nimeyaona hayo mara nyingi, nanyi mmeyaona. Tunapita, tunasema poleni, tunaendelea.

Lakini gharama yake tunailipa sote. Sikilizeni mazungumzo haya ya barabarani.

"Mwanangu, mbona bei imepanda? Juzi ulinipa chini ya hapo."

"Mama, juzi nilipita nyuma ya shule. Leo wamejenga pale. Nimezunguka mpaka kule kwenye reli."

"Na mimi ndiye nilipe huo mzunguko?"

"Mama, si mimi niliyejenga."

Hakukosea yeyote kati yao. Mama ana watoto wa kulisha, na kijana ana miguu miwili tu. Aliyekosea ni yule aliyeuza kijia cha nyuma ya shule kana kwamba hakikuwa cha mtu.

Kwenye unga mambo ni yale yale. Sisi hununua kwa kipimo cha meka, na mwenye kuuza akiwa na roho nzuri hujaza meka mpaka ifanye kilima juu, kisha akaongeza kiganja cha matabishi, nyongeza ya bure. Mahindi mengi tunayokula yanatoka mashambani huku huku kwetu, Kaniama na Kabongo na pembezoni mwa mji. Samaki wa kukaushwa wanatoka kwenye maziwa ya Upemba na Kisale, wanapitia Bukama. Mvua ikikaza, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne, lori hukwama kwenye barabara ya taifa namba 1, na siku hiyo hiyo kile kilima juu ya meka kinashuka. Serikali inaweza kutangaza bei itakayo. Bei halisi ya bukari, ugali wetu, inapangwa na tope, na inapangwa mara ya pili na upana wa njia ya kutoka sokoni mpaka jikoni kwako.

Tukumbushane mji huu ulivyokuja, maana wapo vijana wanaodhani Kamina ilianza na ofisi ya gavana. Kamina ni mtoto wa reli. Treni ilifika Bukama mwaka 1918, ikakutana na mashua za mto Lualaba. Kisha reli ikavutwa kuja juu, ikapita hapa na kwenda hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Ndiyo reli iliyofunguliwa mwaka 1928. Mwaka 1956 ukaongezwa mkono wa kwenda Kabalo, na kwa huo mtu aliweza kutoka hapa kwa treni mpaka Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana katika mji huu utasikia Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa ofisini, na watu wa Kasai wakiwa na vizazi vitatu vya makaburi hapa hapa. Ndiyo maana pia Wabelgiji walijenga ile kambi yao kubwa ya ndege baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1964 makomando wao walipitia hapo kwenda kuvamia Stanleyville, Kisangani ya leo. Jina la Kamina likaandikwa katika magazeti ya dunia, ingawa mama wa Kamina siku hiyo alikuwa akitafuta sombe, majani ya muhogo, kama siku nyingine.

Reli ilituletea watu, na reli ilituua pia. Mwezi wa nne mwaka 2014, treni ya mizigo ilianguka Katongola, kaskazini mwa hapa, na watu zaidi ya 40 wakafa. Wengi walikuwa wamedandia juu ya mabehewa, kwa sababu hawakuwa na namna nyingine ya kusafiri. Naliweka jambo hilo hapa nikiwa na uchungu, kwa kuwa ni jambo moja na hili la vijia: watu wanapokosa njia iliyopangwa kwa ajili yao, watapita popote, hata kwenye mauti.

Kisha ukaja mwaka 2015. Katanga ya zamani ikagawanywa mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami yetu. Kamina iliyokuwa makao ya wilaya ikawa makao makuu ya jimbo zima. Gavana akahitaji nyumba, mawaziri wa jimbo wakahitaji nyumba, wabunge, makarani, askari, walinzi, madereva, na kila mmoja na jamaa zake. Wafanyabiashara wakawafuata. Wanafunzi wakaja kwa ajili ya vyuo. Wengine walikuwa wamekwisha kuingia miaka ya nyuma, wakikimbia vita vya wanamgambo wa Mai-Mai kule Malemba-Nkulu na Bukama, na hawakurudi tena. Tuko wangapi leo? Nchi yetu ilihesabu watu wake wote kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana wajukuu sasa, au anakaribia. Mji wetu unapangwa kwa kukisia, na mwenye kukisia hukisia kwa faida yake.

Hapo ndipo tunafika kwenye lupango.

Lupango hapa inauzwa hivi. Kuna shamba la ukoo pembeni ya mji, tuseme upande wa Katoto au popote ambapo nyasi zinaishia. Mzee wa ukoo amefariki, watoto wamegawana. Anakuja mtu na pesa. Anaitwa chifu au mjumbe wake, wanatembea pamoja, wanahesabu hatua, wanachomeka miti minne, karatasi inaandikwa, mashahidi wanatia sahihi, kinywaji kinanywewa. Hakuna aliyetoa kamba wala ramani. Mnunuzi wa pili anapewa kuanzia pale mti wa kwanza ulipoishia. Wa tatu vile vile. Kijia kilichokuwapo kinabaki kwa muda, kwa kuwa watu wamezoea kukipita. Mwaka wa pili anatokea kijana wa ukoo aliyeishiwa ada ya shule au pesa ya hospitali, anatazama ile sehemu nyembamba iliyobaki, anasema: hii nayo ni yetu. Anaiuza. Aliyenunua anapanga matofali usiku kwa usiku, na asubuhi mtaa unaamka hauna mlango.

Sheria inasemaje? Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973 inasema ardhi ya nchi hii ni mali ya Taifa, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Ilisema pia kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii kwa mila zitawekewa utaratibu wake kwa amri ya Rais. Watu wakaisubiri amri hiyo miaka na miaka. Katika kusubiri huko, chifu anaendelea kuuza kwa jina la mababu, ofisi ya serikali ya kupima ardhi, kadastri, inaendelea kutoa hati kwa jina la Taifa, na mara nyingine wote wawili wanamuuzia lupango moja watu wawili tofauti. Mnajua kesi hizo zinavyokula maisha ya watu. Lakini hata kesi ina watu wawili wanaodai. Njia haina mdai. Kila mtu anaipita na hakuna mwenye karatasi yake, kwa hiyo ndiyo inayoliwa kwanza.

Sitaki mnione nawalaumu machifu peke yao. Nimeona maofisa waliosomea kupima ardhi wakikubali mchoro usio na njia. Nimeona wanunuzi, watu wa mshahara kabisa, wakisogeza ukuta hatua mbili mbele gizani kisha wakapaka chokaa ili ionekane umekuwapo siku zote. Na tuseme ukweli, majirani tunanyamaza. Tunaogopa kuitwa wachochezi, au tunafikiri kesho na sisi tutasogeza wetu.

Basi yanayofuata tunayajua. Mama anashikwa na uchungu saa nane usiku. Kijana wa taximoto amekuja, Mungu ambariki, lakini pikipiki inaishia kwenye kona kwa sababu mbele hapapitiki, na mama mwenye uchungu anashikwa mabega na dada zake wawili kwenda kwa miguu hadi kona ile. Moto unashika jiko la nyasi. Watu wanakimbia na ndoo, wanakwama wao kwa wao kwenye uchochoro. Mtu anafariki, na jeneza linapitishwa juu ya ukuta wa jirani, mikono kwa mikono, wafiwa wakilia upande mmoja na maiti ikiwa upande wa pili. Jambo hilo la jeneza linaniuma kuliko yote. Mtu ameishi mtaani miaka mingi, amechangia misiba ya wote, halafu siku yake mtaa hauna upana wa kumtoa.

Na maji nayo yana njia yake. Maji ya mvua hayasomi karatasi za mauzo. Yalikuwa yakipita kwenye kile kijia, kwa kuwa kijia kilifuata bonde dogo. Mababu hawakuchagua mahali ovyo. Ukijenga hapo, maji yatatafuta pengine, na pengine hapo ni chini ya msingi wa mjane fulani. Udongo wetu wa mchanga ukishaanza kukatika hausimami. Tazameni Kinshasa: tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100, vilima vikaporomoka huko Ngaliema na Mont-Ngafula, hata barabara ya kwenda Matadi ikakatika. Mvua kubwa ilinyesha, ndiyo. Lakini ilinyesha juu ya mitaa iliyojengwa kwenye miteremko na mikondo ya maji bila mtu kusema hapana. Sisi hatujafika huko. Tuna nafasi bado, na hiyo ndiyo sababu nasema leo na sikungoja mwakani.

Kuna jambo la shule pia. Tangu mwezi wa tisa mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na watoto wamejaa mpaka wengine wanaketi chini. Ni jambo jema, kila mtoto aliyeingia darasani ni ushindi. Sasa niambieni: shule mpya zitajengwa wapi? Soko jipya? Zahanati? Uwanja wa mpira? Tembeeni katika mtaa mmoja mpya mtafute sehemu iliyoachwa wazi makusudi. Nami nitafurahi mkija kunionyesha.

Hata kwaya zetu zinahitaji mahali pa wazi. Jioni moja ya kawaida, ukisimama karibu na parokia au makanisa ya Wametodisti au ya Wapentekoste, utasikia kwaya zikijifunza, hii hapa, ile kule, sauti zikichanganyika juu ya mabati. Hiyo ni mali ya Kamina. Misa ile ya Kilatini kwa mtindo wa Waluba inayojulikana duniani kama Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza hapa hapa, tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1958, kwenye misheni. Waliiimba watoto wa shule na walimu wao, waliokusanywa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Mwaka ule ule wakaenda kuiimba Ulaya, ikarekodiwa, na hadi leo kwaya za mbali zisizojua Kamina iko wapi zinaimba sauti za watoto wa hapa. Watoto wale walikuwa na mahali pa kusimama pamoja. Watoto wa leo wana sauti zile zile, lakini wengi wanafanyia mazoezi uani kwa mtu, na mwenye ua akijenga vyumba vya kupangisha, kwaya inakufa.

Najua mtasema, tata, maneno ni rahisi, mtu maskini aliyenunua kipande kidogo kwa jasho atoe hatua mbili bure? Swali hilo ni la haki na silipuuzi. Ndiyo maana kazi hii haifai kumwangukia mnunuzi wa mwisho. Inatakiwa ifanywe kabla ya lupango ya kwanza kuuzwa. Njia ikichorwa mwanzo, ukoo unapoteza kidogo kwa pamoja na kila lupango inapanda thamani, kwa sababu nani hataki lupango ambayo lori la mchanga linaweza kufika? Wenzetu wa Dar es Salaam, Tanzania, walijaribu kwa ukubwa: mwaka 2002 serikali yao ilianza mradi wa kupima viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji na barabara zake, kisha ikaviuza. Haikuwa kazi isiyo na dosari. Viwanja vingi viliishia kwa wenye uwezo, na wanyonge wakaendelea kujenga kwingine bila mpango. Lakini ukienda kwenye viwanja vile leo, gari la wagonjwa linafika mlangoni. Sisi hatuhitaji viwanja 20,000. Tunahitaji mtaa mmoja mmoja, kabla nyasi hazijaisha.

Kwa hiyo nina maombi, nayasema kwa heshima. Wakubwa wa mji na wa komuni zetu tatu, mnatoka na watu kwenye Salongo, ile kazi ya pamoja, kufyeka nyasi na kuzoa taka. Siku moja ya Salongo pimeni njia. Njooni na kamba, chomekeni miti, pandeni miembe au miparachichi pande zote mbili ili alama isihamishwe usiku, na mwandike katika daftari la mtaa, watu wasikie kwa sauti: hii si ya kuuzwa. Machifu wetu, ninyi mnajua mahali maji hupita kuliko mhandisi yeyote. Semeni kabla ya mauzo, na neno lenu lina uzito kuliko karatasi. Vijana wa ukoo, shida ni shida, lakini tafuteni msaada kwa jamaa kabla ya kuuza mahali pa mtaa mzima kupitia.

Na wewe unayekwenda kupimiwa lupango wiki hii, Katoto au popote, nenda na kamba yako. Uliza njia iko wapi kabla ya kuuliza bei. Acha upana wa baiskeli mbili zenye magunia kupishana, mwambie na jirani yako aache vivyo hivyo, na hakikisheni imeandikwa kwenye karatasi ya mauzo mbele ya mashahidi. Wakikataa kuandika, usinunue.